Kutu ya Damu Kayole

Shiundu hakuwa daktari. Hata zahanati hakuwahi kufagia. Alikuwa na koti jeupe la mitumba ya Gikomba na mdomo usiojua kufunga, basi.

Jumamosi moja mwaka wa 1996 alikuwa Kayole, Nairobi, kwenye jiko la Mbeti muuza mutura, soseji za utumbo zilizojazwa nyama na damu, akila kipande kilichofungwa kwa ukurasa wa gazeti kuukuu. Akausoma. Ulisema hewa tunayovuta huacha mabaki yanayochoma chembe za damu, nazo hukakamaa, damu ikawa nzito na kutembea kwa taabu. Mwenye akili angekwenda kupimwa. Shiundu aliona pesa, na nyumba ya kupanga Donholm, mtaa wa wenye nacho.

Mbeti alikuwa akikoroga damu ya mbuzi kwenye beseni, hapumziki.

"Mama, mbona unakoroga hivyo?"

"Nikiacha kidogo tu itaganda."

Shiundu akaondoka akipiga mluzi.

Wiki iliyofuata akatokea hapo hapo kwenye ploti ya vyumba vya kupanga alikoishi Mbeti, na kipande cha kioo cha dirisha, sindano mpya mpya na sanduku la chupa. "Damu zenu zina kutu!" akapaza sauti. Akajidunga kidole, akadondosha tone kwenye kioo, akakiinamisha papo hapo. Tone likateremka mbio. "Hii ni damu safi!" Kisha akamdunga mteja, akalaza kioo kwenye stuli, akahubiri juu ya hewa, chembe na kutu hadi watu wakapiga miayo. Alipokiinamisha, tone lilikuwa limeganda.

"Uui!" watu wazima na ndevu zao wakalia. Wakanunua. Chupani mlikuwa na maji ya kiazi chekundu na chumvi ya haluli, ile ya kuharisha, na kila aliyekimbilia choo alirudi akishukuru kwamba kutu inatoka. Wajinga hawa ndio hao hao hukagua nyanya moja moja sokoni!

Mmoja wao alikuwa Kyule, dereva wa lori, mume wa Mbeti. Alikuwa na presha, na hospitali ilimpa vidonge vya kila siku.

"Vidonge ni chuma," Shiundu alimwambia. "Vinaongeza kutu." Kyule akavitupa. Siku ya nne kichwa kilimgonga hadi akashindwa kufunga viatu.

"Baba Nzivo, utakufa uniachie watoto," Mbeti alimsihi.

"Mama Nzivo, wewe ni wa mutura. Mambo ya damu waachie wasomi."

Neno hilo lilimuuma Mbeti kabisa. Jumamosi akaja kutazama, na alipoona kioo kimelazwa kwenye stuli hakuhitaji mtu amweleze zaidi.

"Daktari," akasema kwa adabu, "jipime tena, tuone damu ya msomi. Kioo nitakushikia."

Shiundu akajidunga kwa madaha. Mbeti akapokea kioo, akakilaza.

"Kwani ulisomea wapi, daktari?"

Kosa lake ni kujibu. Alianza na Ujerumani, akapitia India, akafika kwa rais fulani ambaye ati yeye Shiundu alimponya nyonga. Mbeti akaitikia "ehe, ehe" mpaka mwisho, ndipo akainamisha kioo mbele ya watu wote. Tone halikusogea.

"Daktari ana kutu!" Kyule akapiga kelele, machozi yakimlenga. "Mpeni dawa, asitufie!"

Wakamshika kwa upendo. Angesema nini? Chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kyule mwenyewe akimfutia kidevu. Kisha wakamketisha apumzike, wakamzunguka kumwombea.

Kabla sala haijaisha, tumbo la Shiundu lilianza kunguruma. Akachomoka hadi choo cha ploti. Kufuli! Na mtunza ufunguo wa choo cha ploti nzima alikuwa Mbeti.

"Mama, tafadhali!"

"Waambie kwanza kwa nini tone lilisimama."

"Mama, nakufa!"

"Kwa sauti."

"Ikikaa inaganda!" Shiundu akalia, magoti yamebana. "Damu ya mtu yeyote! Hata ya kuku! Dawa ni haluli! Vidonge vya hospitali si chuma, nilidanganya! Ufunguo, mama, ufunguo!"

Mbeti akamrushia. Ulimponyoka, akauokota kwa kuchelewa kidogo. Koti jeupe halikuwa jeupe tena.

Watu wakatawanyika, kila mmoja akidai hakuwahi kuamini. Kyule alibaki ameketi, anaangalia viatu vyake visivyofungwa.

"Mama Nzivo," akasema polepole, "vile vidonge nilivitupa wapi?"

Mbeti akainama, akamfunga kamba za viatu.

"Niliviokota siku ile ile. Twende nyumbani."