Kokoto Kiatuni

Jumatatu, 8 Februari 1954

Mvua. Baridi. Samaki wa moshi wa Bi Tidmarsh, mama mwenye nyumba, miiba mitupu. Hata hivyo nimetoka nikiimba. Picha mpya imeanza leo, ya mauaji na vichekesho, na mimi ni mtumishi mkuu katika jumba la Lodi, kabaila wa kijiji. Tena! Miaka yote hii studio wananiita kufungua milango. Kamera imeshaonyesha mkono wangu, sinia langu na kisogo changu. Uso, kamwe. Bi Tidmarsh huenda sinema kila Jumamosi kunitafuta, akirudi husema hakuniona mimi ila mlango ulicheza vizuri sana. Ana ulimi yule!

Safari hii nitamkomesha. Mwongozaji wetu, Bwana Kettering, katangaza kuwa maiti itakapogunduliwa atapiga picha moja ya karibu, uso ujae pazia zima la sinema. Ama uso wangu, ama wa Cedric Wragg, inspekta wa polisi. Ataamua Alhamisi. Wragg! Masharubu yaliyoota mtu kwa nyuma. Kanipiga bega, kaniambia nisijisumbue, mzee mwenzangu, watu hawatoi kiingilio kwenda kutazama kitasa.

Haya, tutaona. Nimeokota kokoto nje ya studio, nikaitumbukiza kiatuni. Nikafungua mlango nikichechemea. Macho yote kwangu! Wragg kasahau maneno yake, kabaki anatafuna masharubu. Bi Thripp, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila kitu cha leo kinafanana na cha jana, kaniuliza kwa upole kama nitakumbuka ni mguu gani. Nikamjibu kwamba anaongea na msanii.

Jumanne, 9 Februari

Asubuhi nimeng'arisha viatu. Nikarudisha kokoto. Leo tumepiga tukio la sebuleni, linalotangulia lile la mlangoni la jana. Ndivyo picha zinavyotengenezwa, mwisho kwanza na mwanzo ukipatikana nafasi. Nimechechemea kwa madaha kutoka dirishani hadi kwenye birika. Bwana Kettering kasema safi kabisa, wabomoe sebule. Wakabomoa.

Kisha Bi Thripp akarudi kutoka kwa daktari wa meno, shavu limevimba. Kauliza nimechechemea mguu upi. Nikamwonyesha kwa fahari. Kasema jana ulikuwa wa kulia.

Sebule ilikuwa imeshakuwa kuni.

Jumatano, 10 Februari

Kikao. Bwana Kettering hakupiga kelele, ndipo nikaogopa. Kasema mtu anayechechemea mguu huu akiwa sebuleni na ule akifika mlangoni si kilema, anajifanya. Na anayejifanya ndiye muuaji. Watazamaji watanikamata hata njugu hawajamaliza, wakati muuaji ni kasisi wa kijiji, na kasisi hatakiwi kujulikana mpaka mwisho kabisa.

Nikashauri, kwa unyenyekevu, labda muuaji niwe mimi. Mtu mmoja kachekea kikombeni.

Mwandishi ndiye aliyepata dawa. Ili watu waache kunishuku, niuawe mapema. Kwa hiyo maiti si mjomba wa Lodi tena, ni mimi. Kisu cha mgongoni. Nilale kifudifudi! Na picha ya karibu itakuwa ya Wragg akiniinamia kwa huzuni.

Nimeumia. Nasema wazi, nilikwenda msalani nikalia. Niliporudi Wragg kaniletea chai, kaniambia pole, mchimba kisima huingia mwenyewe. Chai ilikuwa baridi.

Alhamisi, 11 Februari

Usiku kucha nimefikiri. Maiti ina shingo, na shingo hugeuka!

Nimelala zuliani, kisu mgongoni, vumbi puani. Saa ya chai wote wakaondoka, maana katika nchi hii hata mauaji husubiri chai. Mimi sikunyanyuka, nisipoteze nafasi. Mama wa toroli la chai kauliza kama marehemu anatumia sukari. Kaniwekea biskuti mgongoni, karibu na kisu.

Wakarudi. Kamera ikaanza. Wragg akainama, midomo inatetemeka, anatafuta chozi. Nami nikageuza uso polepole, kidogo tu, kuelekea kwenye mwanga. Wragg akaona. Akavua kofia yake ya inspekta akanifunika uso nayo, kwa heshima zote za marehemu! Ilinuka mafuta ya nywele. Nikajaribu kuitikisa ianguke. Nikapiga teke.

Kiatu kina tundu kwenye soli. Kokoto ikatoka.

Ikabingirika juu ya ubao, ko, ko, ko, ikasimama miguuni kwa Wragg. Bwana Kettering akanong'ona wasikate, wasikate, kamera isogee. Wragg, mwizi yule, akaiokota akaitazama kwenye mwanga. Akasema kwa sauti nzito kwamba kumbe marehemu alikuwa anajifanya, na sasa tujue alikuwa anamwogopa nani.

Studio nzima wakapiga makofi. Hakuna aliyeniondolea kofia.

Jumamosi, 12 Juni

Picha imefika sinema ya mtaani kwetu. Bi Tidmarsh kanilazimisha niende naye. Magazeti yanamsifu Wragg na kokoto yake. Eti hajawahi kucheza vizuri hivi! Nimekaa nimejikunyata.

Sebule. Mlango. Miguu yangu miwili ya kuchechemea. Kisha zulia, na pazia zima, kutoka ukuta hadi ukuta, likajaa soli ya kiatu changu. Tundu lake kubwa kama mlango wa ghala.

Bi Tidmarsh akasimama. Akapaza sauti mpaka wa safu za nyuma wakageuka: "Hicho kiatu cha Bwana Pobjoy! Si nilimwambia tangu Krismasi akipeleke kwa fundi?"

Sinema nzima ikacheka. Watu wakaniangalia. Mimi! Nikainama kidogo kuwashukuru.

Sasa mambo yamenyooka, asiyekubali kushindwa si mshindani. Leo hii Bwana Kettering kapiga simu. Anatengeneza picha ya majasusi, anataka bawabu wa hoteli. Maneno mawili tu: karibu, bwana. Kanisihi, kwa jina la mama yake, nisiongeze kitu chochote.

Nimenunua kitambaa cheusi cha kufunika jicho. Nitafunika la kulia siku ya kwanza, la kushoto siku ya pili, watazamaji wasinichoke.