Malalamiko Dhidi ya Beringi Isiyotaka Girisi

Temeke, Dar es Salaam
9 Agosti 1954

Kwako Bwana Meneja Mheshimiwa, Kiwanda cha Mbao,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana mbele ya jina lako sithubutu kukaa. Mimi ni Karani wa Girisi. Nalalamika, kwa adabu zote, dhidi ya beringi mpya inayoshika mhimili wa msumeno mkubwa, ile ya kitambaa kilichoshindiliwa na gundi hadi kikawa kigumu kama mpingo. Haitaki girisi. Inakunywa maji tu.

1. Beringi ya zamani, ya shaba, ilijua taratibu. Ikikauka ililia hadi barabarani, msumeno ukasimamishwa, fundi akaja kwangu, nikatia sahihi, girisi ikatoka. Hii mpya inazunguka tangu Pasaka na haijalia. Nimekwenda kuisikiliza mwenyewe. Kimya.

2. Mhimili wa chuma unaisugua kutwa, nayo hailiki. Fundi Marijani ameipima, anasema ni nzima kama ilivyokuja. Bwana, kisicholika hakimlishi mtu.

3. Maji yake yanatoka bombani bila sahihi ya yeyote. Sisemi ni maasi, ila sijui jina lingine.

4. Watu walizoea kunywa chai wakati natia sahihi, nami sikuwa na haraka. Sasa msumeno hausimami, na Jabiri, mpakiaji wa magogo, ananipigia kelele dirishani: "Karani, njoo basi uipake hata mate!" Wenzake wanacheka.

5. Mwalimu Kornelio wa Vingunguti alikubali kuniozesha binti yake Genoveva kwa sababu nina cheo. Jumapili aliniuliza mlangoni mwa kanisa, watu wakisikia, "Mwanangu, hiyo girisi bado ipo?" Nikakohoa. Kazi yangu ikifutwa mwisho wa mwezi, kama inavyonong'onwa, na harusi imefutwa.

6. La kutisha zaidi: ikiwa matambara yanabeba magogo kutwa kwa maji matupu, bila kulia wala kulika, kesho wakubwa watauliza kwa nini makarani wanataka mshahara na sukari.

Kwa hiyo naomba beringi hiyo iamriwe kulia walau mara mbili kwa wiki. Ikikaidi, irudishwe Ulaya kwa utovu wa nidhamu.

Nisalimie Bibi, watoto, mpishi, dereva, na mbwa wako, ambaye hajaniuma tangu Juni.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye hofu,
Didas Kamugisha

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Bwana Stoo, mkuu wa ghala, ameniita. Anasema maji ya beringi yanamwagika ovyo. Bomba limetiwa kufuli, ufunguo ninao mimi, na tangu leo naitwa Karani wa Maji. Tafadhali usisome namba moja hadi sita. Beringi hii ni njema kupita kiasi. Hivi sasa imekauka, inafuka moshi na kunuka kitambaa kilichoungua, na Fundi Marijani anagonga mlango akiniita kwa cheo changu kipya. Nimemwambia alete ombi kwa maandishi.