Maji Yangu, Nyanya za Fabrègue

8 Agosti, Jumatatu

Wiki ijayo chama chetu cha mchezo wa kurusha matufe kinachagua mwenyekiti. Kiti ni changu! Nimewaalika wanachama wote tarehe 15 waje waogelee kwangu na kunywa pastisi, pombe yetu ya kiangazi, kisha wapige kura hapohapo. Mtu aliyetoka kuoga bwawani kwako hawezi kumchagua jirani Fabrègue, ambaye mali yake ni nyanya.

Nazo zinakauka. Kwa sababu ya ukame, wilaya imekataza kumwagilia bustani na kujaza mabwawa. Wiki iliyopita mtu fulani alimpigia simu Maryvonne, mgambo wa kijiji, kwamba Fabrègue anamwagilia kwa mpira wa maji. Mtu huyo ni mimi. Nilimwambia sheria ni msumeno.

9 Agosti, Jumanne

Maji ya bwawa yana ukungu. Mshale wa geji kwenye chujio umepanda hadi penye nyekundu. Mke wangu Solange amesoma maelekezo na sasa ni fundi. Anasema mchanga wa ndani umejaa uchafu, uoshwe: zima pampu, geuza mpini, maji yapite kinyume na kutoka na taka zake, dakika chache tu. Nikamwambia maji yakishatoka siwezi kuyarudisha, mgambo yuko macho. Akauliza ni nani aliyemwamsha.

Nimeigonga geji kwa kijiko. Mshale haukushuka.

10 Agosti, Jumatano

Maji yanarudi bwawani kidogokidogo kama chozi. Nimesalimu amri. Baada ya chakula cha mchana nimetupa mpira wa kutolea maji nyuma ya ua, upande wa bondeni, ambako sioni na sionwi. Nimezima, nimegeuza, nimewasha. Uchafu ukatoka mbio. Safi sana! Nikazima tena, nikarudisha mpini kwenye "Chuja", nikawasha, nikaenda kujilaza maana jua lilikuwa kali.

Nimeamshwa na pampu ikinguruma. Mpini haukuwa kwenye "Chuja". Ulikuwa kwenye "Mwaga"! Maandishi yamefifia, si kosa langu. Bwawa limebaki nusu, maji yako chini ya tundu la kuvutia maji, na pampu inavuta hewa tupu. Nimeizima. Solange kasema, "Si nilikwambia uvae miwani?"

12 Agosti, Ijumaa

Maji yamekuwa ya kijani. Nimemwaga klorini ndoo nzima, lakini bila pampu imelala palepale ilipoangukia. Chura mmoja amehamia.

Jambo jingine, zito zaidi. Nimechungulia kwa Fabrègue: nyanya zimefufuka! Juzi zilikuwa za kuzikwa, leo zimesimama wima na udongo umelowa. Ana maji ya wizi, huyu. Solange akanishauri nifikirie kwanza yametoka wapi. Alichelewa, nilikuwa nimeshapiga simu.

13 Agosti, Jumamosi

Maryvonne amekuja. Nilimtazama toka dirishani nikila zeituni kwa raha. Akatia kidole kwenye udongo wa Fabrègue. Akafuata unyevu. Unyevu ukapanda mlima, ukapita chini ya ua wangu, ukaishia mdomoni mwa mpira.

Akauliza mpira ni wa nani. Nikasema ni wa waliokuwa na nyumba kabla yetu. Akauliza tumehamia lini. Solange akamjibu, mwaka tuliooana. Mbona wanawake hawa wanasaidiana?

Nimepigwa faini. Nikalalamika. "Si ulisema mwenyewe sheria ni msumeno?" akasema Maryvonne. "Basi hukata mbele na nyuma, bwana Honoré." Na Fabrègue, ng'ambo ya ua: "Ahsante kwa maji, jirani! Karibu saladi!"

15 Agosti, Jumatatu

Wamekuja wote, taulo mabegani. Nilikuwa na mpango. Nikawatangazia kwamba hili sasa ni bwawa la asili, ndio mtindo wa siku hizi, na chura ni ushahidi wa usafi. Wakamtazama chura. Chura akawatazama. Hakuna aliyevua hata kiatu.

Ndipo Fabrègue akaingia na sinia la nyanya, kazikata, kazitia chumvi na mafuta. Wamezila wakilamba vidole. Nami nimezila. Ni tamu mno, na hilo ndilo lililoniuma.

Amepata kura zote isipokuwa moja. Solange naye ni mwanachama. Nimeumia, sifichi.

16 Agosti, Jumanne

Fabrègue amejitolea kunisaidia kuosha chujio mvua zikinyesha. Nimemwambia nitafikiria. Sitaki hisani ya wapinzani.

Asubuhi nimepita kwa Maryvonne. Maua yake dirishani yamestawi! Mekundu, manene, udongo mweusi. Katikati ya ukame! Lazima wilaya ijue.

Solange ameificha simu. Si neno, nitaazima ya Fabrègue.