Dawa ya Kupanda Mlima

Jumanne, 21 Aprili 1992

Mungu ameniona! Mzee Shami, tajiri wa ngozi, anakwenda Hija mwaka huu, na nyonga zake zimekufa kabisa. Anatafuta mwanamume wa kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu huko Makka. Nauli na chakula juu yake. Atachagua mmoja kati ya watu wawili wa hapa mtaani Rwezamenyo, Kigali: mimi, au Gatera, fundi cherehani wa mlango wa pili. Gatera! Mwembamba kama uzi wake mwenyewe. Huswali mstari wa mbele ili tumwone.

Rangi ya kibao cha duka langu nimeshaichagua. Kijani. ALHAJI HAKIZIMANA, VITENGE VYA KILA AINA. Aidah, mke wangu, kauliza kama kweli kitu cha kwanza nilichofikiria ni kibao. Nikaenda kuupima mlango.

Sharti ni moja tu: dokta aseme mwili unaweza.

Jumatano, 22 Aprili

Kwa Dokta Révérien. Ndiye dokta wa nyumba yetu tangu enzi za baba. Nilimpelekea paja la mbuzi. Alilipokea, akasema nimshukuru Aidah, kisha akanipima presha bila huruma. Iko juu, akasema. Na nikimsukuma mzee kwenye lile joto, tutarudishwa wote wawili tumelala.

Nikaomba vidonge. Akasema dawa yangu ni miguu. Kila asubuhi nipande mpaka kwa Pudentienne, nesi mstaafu mwenye dispanseri ndogo kule kwenye mteremko wa Mlima Kigali. Wiki mbili. Presha ikishuka, nina ruhusa yake. Gatera kaambiwa hivyo hivyo.

Nikauliza kama hakuna sindano. Hakuna. Mtu kasoma mpaka Ubelgiji, karudi kuniambia nitembee! Na paja langu limekwenda.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimefika kwenye bomba la maji tu. Yebabawe! Moyo ulitaka kutokea mdomoni. Gatera alinipita akikimbia, akanisalimia vizuri, eti shikamoo kaka, pole na mlima. Bora angenitukana.

Nimerudi nyumbani. Sambusa tano, kurudisha nguvu.

Ijumaa, 24 Aprili

Kichwa changu bado kinafanya kazi! Jean-Bosco hupeleka matofali huko juu kwa pikapu yake kila asubuhi. Nafasi iko, kasema, nipande mbele. Nashuka kwenye mikaratusi, najimwagia dumu la maji, naingia kwa Pudentienne nikihema. Maskini wa Mungu, alinionea huruma, akanipa kiti na uji. Uji una sukari.

Kosa moja. Nilijimwagia maji kabla ya kizuizi cha askari barabarani. Askari akakishika kitambulisho changu muda mrefu, akauliza kwa nini nimelowa na mvua haijanyesha. Siku hizi za vita maswali ya namna hiyo si ya kuchekea. Nikasema ni jasho. Akaniangalia, akasema basi niwahi hospitali. Kuanzia kesho, maji baada ya kizuizi.

Jumatano, 29 Aprili

Mambo safi. Pikapu, maji, uji. Pudentienne kasema laiti wagonjwa wote wangekuwa na moyo kama wangu.

Gatera anapanda kwa miguu mpaka leo, mjinga. Mtaani wanamsifu eti anang'aa. Nimemdokeza Mzee Shami, kwa nia njema, kwamba Gatera anakohoa. Mzee kasema hata yeye anakohoa, watakohoa wote. Astaghfirullah, nimejaribu.

Jumatano, 6 Mei

Kupimwa. Presha imepanda!

Dokta alipima mkono wa kulia. Akapima wa kushoto. Akarudia wa kulia. Pudentienne alikuwa amemhakikishia kwamba sikukosa hata siku moja, na kila siku nafika nimelowa chapachapa. Basi Dokta akapiga hesabu zake: mtu anapanda mlima wiki mbili, badala ya kushuka presha inapanda, huyo moyo umeharibika. Nisipande tena. Nisinyanyue hata jora la kitenge. Hija nisahau. Atamwambia Mzee Shami mwenyewe.

Nimemwomba angoje mpaka kesho. Nimekaa dukani nikiwaza hadi kichwa kinauma. Nikinyamaza, mimi mgonjwa na nafasi imekwenda. Nikisema kweli, mimi mwongo na nafasi huenda imekwenda vile vile. Mpango huu ni wa shetani. Shetani na Gatera.

Alhamisi, 7 Mei

Nimemwambia Dokta yote. Pikapu, dumu, uji. Nilidhani atafurahi: kumbe moyo ni mzima, dawa tu haikunywewa! Hakufurahi. Hakugomba pia. Alivua koti lake jeupe, akasema twende tukapande wote, sasa hivi. Nikasema jua kali. Akauliza la Makka ni la namna gani.

Hata bombani sikufika. Nilikaa chini kando ya barabara, giza machoni mchana kweupe, wanawake wenye madumu wakinipita. Dokta alinishika mkono mpaka pumzi iliporudi. Kisha akasema baba yangu alimjia na kifua kama hiki. Alimwambia atembee, baba akacheka. Alianguka dukani, juu ya vitenge. Najua. Mimi ndiye niliyemwinua, na umri ule naukaribia.

Akasema hakunituma mlimani kwa sababu ya Shami. Alijua nisipoahidiwa kitu siendi. Alitaka nisife, basi.

Nililia pale pale barabarani, mbele za watu. Niliogopa, naandika kama ilivyokuwa. Nikaapa wallahi nitatembea mpaka siku yangu ya mwisho.

Ijumaa, 8 Mei

Baada ya swala Mzee Shami kamtangaza Gatera. Gatera akaja kunikumbatia, akasema ataniombea kwenye Kaaba. Aniombee! Mkono wake umekuwa mgumu kama mpini. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumatatu, 25 Mei

Wameondoka. Mtaa mzima umewasindikiza. Mimi nilikuwa na kizunguzungu.

Wiki mbili zilizopita Dokta alinipa amri mpya. Mlima hapana. Asubuhi nitoke na Aidah, polepole, mpaka uwanja wa mpira wa Nyamirambo na kurudi. Siku ya kwanza nilikwenda. Siku ya pili kulikuwa na umande. Nikalala, nikafikiri. Dini yetu ina huruma: asiyeweza kwenda Hija humtuma mwingine amhijie, na thawabu humfikia. Ikiwa Hija nzima yaweza kufanywa kwa niaba, sembuse uwanja wa mpira na kurudi?

Basi Aidah anatembea kwa niaba yangu. Nia naitia mimi, hapa kitandani, kwa moyo safi. Mwanzo alisema mimi, Baba Ihirwe, nimerukwa na akili, atanizika. Lakini anakwenda kila alfajiri.

Leo amepita kwa Dokta akapimwa presha. Imeshuka vizuri sana, kama ya msichana. Amerudi, ameketi kwenye ukingo wa kitanda, ananiangalia huku analia. Huyu mwanamke simwelewi. Dawa ndiyo kwanza imeanza kufanya kazi, yeye analia!