Jinsi ya Kumshusha Kasmir

Jumatatu, 8 Juni 2026

Mwalimu Wiliam wa kwaya yetu amempa Kasmir ubeti wa kuongoza. Kasmir! Mtu anayejitazama kwenye kioo cha simu kabla ya kuimba. Mimi nimepewa kuitikia na kusimamia mashine, eti kwa kuwa nina studio hapa Milanzi. Atakayeongoza vizuri misa ya mavuno Jumapili ndiye atakayeongoza tamasha la kwaya Chala. Na Albina, yule ninayemwota kila siku, anakwenda Chala. Sikubali.

Jioni nimepata dawa. Kwenye kompyuta yangu kuna plagini ya kubana sauti, nayo ina kitu kinaitwa saidicheni. Unaiambia isikilize chaneli moja. Ikisikia kitu, inashusha chaneli nyingine. Waungwana huitumia ili muziki ushuke padri anapoongea. Mimi nitaifunga kwenye chaneli ya Kasmir, halafu niielekeze inisikilize mimi. Nikifungua kinywa tu, Kasmir anazama. Akili ni nywele, kila mtu ana zake!

Jumatano, 10 Juni

Balaa. Nimeelekeza njia kinyume. Mazoezi yote, Kasmir akiimba, anayezama ni mimi. Mwalimu akasema leo kwaya imetulia, tuendelee hivyohivyo. Albina naye akatikisa kichwa kukubali. Nimeondoka bila kuaga.

Ijumaa, 12 Juni

Nimegeuza njia. Imefanya kazi! Kasmir alipotea katikati ya neno, akatumbua macho, akagonga maiki. Wakasema baridi hii ya Juni imemkaba koo. Nikawaunga mkono, nikasema mafua ya Sumbawanga si mchezo.

Kumbe najichimbia kaburi. Albina akamletea chai ya tangawizi kwenye chupa, akamfunga skafu yake shingoni. Skafu yake! Mimi nina mafua tangu Pasaka, hakuna aliyeniletea hata maji ya moto.

Jumapili, 14 Juni

Sina hamu. Kanisa limejaa, magunia ya mahindi na ulezi mpaka mbele ya altare. Kasmir akaanza, nikaingia, akazama. Safi. Ila nilisahau kwamba watu wa huku kwetu, mwimbishaji akinyamaza, hawamwachi peke yake. Kanisa zima likampokea ubeti! Mama Redempta, aliyekaa benchi la mbele, akapiga vigelegele pembeni ya maiki yangu. Plagini ikadhani ni mimi, ikamzamisha Kasmir zaidi, nao wakampokea kwa nguvu zaidi. Wakanong'onezana kwamba kijana amezidiwa na machozi. Padri mwenyewe alivua miwani akaifuta.

Na mimi? Spika zote zilibaki zangu. Nilisikika kama mbuzi aliyefungiwa stoo.

Baada ya misa Mwalimu aliniita pembeni. Alikuwa mpole, na hilo ndilo lililoniuma.

"Romani, mdogo wangu," akasema, "leo ndiyo tumekusikia vizuri. Chala wewe kaa kwenye mashine tu."

Kasmir anaongoza. Albina amepangwa kukaa naye kiti kimoja kwenye basi la kwaya, nimeona orodha. Nimelia kidogo. Ni vumbi.

Jumatatu, 15 Juni

Nimetafakari, nimeona kosa lilipo. Mpango hauna tatizo. Tatizo ni Mama Redempta kukaa karibu na maiki.

Chala sitakuwa na maiki, kwa hiyo plagini nitaielekeza isikilize ngoma. Ngoma haipumziki. Kila ikilia, Kasmir chini! Na wale watu wa Chala hata hawamjui. Akinyamaza, nani atahangaika kumpokea?