Watalii Hawapendi Harufu ya Samaki

Jumatatu, 7 Aprili
Redio ya Arua imenifumbua macho. Utalii unakua, uchumi wa nchi unapanda nao, na mwenye nyumba ndiye atakayefaidi. Mwenye nyumba! Mimi! Vyumba hivi vya Koboko mke wangu Medina aliachiwa na marehemu baba yake, lakini ndoa ni ndoa. Naye yuko Arua, dada yake kajifungua. Nafasi ndiyo hii. Kizuizi ni wapangaji tu, hasa Jale, muuza samaki wakavu. Mtalii gani atavumilia harufu ile? Nimewaambia wote wahame. Jale akauliza, "Sasa nani iko nakuja?" Nikamjibu: dunia.

Jumatano, 9 Aprili
Wapangaji wote wamehamia kwa Abdunoor, mwenye vyumba vya ng'ambo ya barabara. Abdunoor kavuka kuja kunishukuru. Mjinga! Hasikilizi redio. Nimepaka kuta rangi ya chungwa na kutundika kibao: KAMISI, IKULU YA WATALII. Abdunoor akataka kujua watakuja kutazama wanyama gani. Nikamwambia mambo ya wanyama yako serikalini.

Ijumaa, 11 Aprili
Amekuja! Mzungu, mwanamke, juu ya baiskeli. Nimemfungia chandarua kwa utepe, utadhani bibi harusi. Akasifu rangi. Akaketi, akatazama ukuta. Halafu akauliza ni nini kinachonukia vizuri hivyo. Jale! Anapika samaki wake kwa karanga uani kwa Abdunoor, wapangaji wangu wote wamemzunguka, wanacheka. Mgeni akaomba kwenda kuonja tu. Akalala huko huko. Na baiskeli yake.

Jumapili, 13 Aprili
Medina karudi bila kunitaarifu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifungua mlango mmoja mmoja, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Watu ya baba yangu iko wapi?" Nikaanza kumweleza uchumi wa taifa. Akavuka barabara sijamaliza sentensi. Wapangaji wamekubali kurudi, ila Jale ana sharti: magunia ya samaki niyabebe mimi. Nimeyabeba, watu wakitoka kanisani! Abdunoor alitoa kiti nje ili atazame vizuri. Medina kampakulia Jale chakula kwanza, mimi mwisho. Hilo limeniuma kuliko magunia.

Jumanne, 15 Aprili
Mzungu kaelekea mpakani. Wakati wa kuagana alimwambia Jale, na Jale kaniambia mimi, kwamba kwao watalii hulipa pesa nyingi kulala wakitazama nyota. Nyota! Tunazo bure, na mimi nimezifunika kwa mabati! Medina yuko sokoni, Jale pia. Naandika haya nikiwa juu ya paa la chumba cha Jale, nyundo kiunoni. Mabati mengi yameshang'oka. Samaki wake nimewasogeza pembeni. Abdunoor anaonyesha mawingu upande wa Kongo, anapiga kelele, "Kamisi, mvua iko nakuja!"

Wivu tu.