Betri Iliyoungua kwa Ndani

Gari lilifika gereji likivutwa na ng'ombe wawili wa mkokoteni, na Hanif alipoliona alimshukuru Mungu kimoyomoyo, maana riziki haikuwahi kumjia kwa heshima namna hiyo. Ndani yake, nyuma ya usukani, aliketi Mzee Machibya wa Nkololo, kofia kichwani, akikata kona kwa makini kana kwamba yeye ndiye anayeendesha.

"Mwangaluka, fundi," alisema mzee, akishuka.

"Mwangaluka, mzee wangu. Shikamoo." Hanif alizaliwa Muheza, lakini salamu za Kisukuma alizijua zote. Fundi hafiki kazini bila vifaa.

"Marahaba. Gari hili nimelinunua kwa afisa mmoja aliyehamishwa. Nikilipaki jioni ni zima. Asubuhi, kimya. Halijaenda popote, halijabeba mtu. Linachoka na nini?"

Tumtendee haki Hanif: umeme wa magari aliujua. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Akiletewa betri iliyoishiwa chaji aliitangaza marehemu, akamuuzia mwenyewe nyingine, kisha yeye akabaki na maiti. Akaichaji, akaipaka rangi, na wiki iliyofuata marehemu alifufuka akiwa ametoka Japani. Bariadi nzima betri zilikuwa zikihama kutoka boneti hadi boneti kama watumishi wa serikali.

Lakini safari hii Hanif hakutaka hela. Alitaka ng'ombe. Mzee Mtoro, mwenye duka la vitenge karibu na stendi, alikuwa na binti aitwaye Anifa, na alikuwa amemwambia Hanif mbele ya wateja: "Maneno yako nimeyasikia yote, kijana, na ni mazuri. Sasa leta ng'ombe wa walima nimwone kwa macho. Ukishindwa, kuna karani wa Maswa ameshaleta barua ya posa." Na Hanif, tuseme ukweli, alimpenda Anifa. Lilikuwa jambo pekee maishani mwake ambalo hakuwahi kulipaka rangi.

Akafungua boneti. Akachomoa waya wa hasi, akaweka taa ya testa kati ya waya na betri. Gari limezimwa, milango imefungwa, ufunguo uko mfukoni kwa mzee, kwa hiyo taa haikupaswa kuwaka. Ikawaka. Basi humo ndani kulikuwa na kitu kinachokunywa umeme kimyakimya. Akaanza kutoa fyuzi mojamoja huku akiitazama testa. Alipotoa ya taa za ndani, testa ikazima. Akairudisha, akazunguka nyuma, akachungulia kwenye kioo. Swichi ya mlango wa buti ilikuwa imeganda kwa vumbi, na kitaa cha humo kilikuwa kikiwaka saa zote, kikiangazia gunia la mashudu.

Kusafisha ile swichi ni kazi ya muda wa kunywa chai, na ujira wake ni hiyo chai. Hanif akajifuta uso kwa tambara, akavaa sura ya msibani.

"Mzee wangu, pole."

"Pole ya nini?"

"Betri imefariki."

"Imefariki? Jana mchana imepiga redio."

"Ndivyo zinavyokufa. Leo inaimba, kesho unazika." Akainama kutafuta ushahidi, na ushahidi ukajileta wenyewe. Ubavuni mwa betri kulikuwa na kovu la moto, duara lenye mikia miwili, limezama kwenye plastiki. "Ona mwenyewe! Imeungua kwa ndani mpaka imetokea nje."

Mzee Machibya akalitazama kovu. Akamtazama Hanif. Akalitazama tena kovu, akakohoa.

"Kwa ndani?"

"Kwa ndani."

"Mpaka nje."

"Mzee, wewe ungesomea ufundi ungefika mbali."

Mzee akavua kofia taratibu, na Hanif naye akainamisha kichwa, akidhani ni majonzi.

"Mimi hela sina," mzee akasema mwishowe. "Hela yangu ina miguu minne. Nitakupa mtamba mmoja. Ila gari lilale hapa kwanza, na asubuhi liamke lenyewe."

Hanif nusura ambusu. Mzee alipokwenda kwa jamaa zake, akaisafisha ile swichi upesi, akafunga betri nyingine, nzima kabisa, iliyokuwa imefariki hivi karibuni kwa muuguzi mmoja. Asubuhi gari likaamka kwa mlio mmoja, wakapanda wote wawili hadi Nkololo.

Mtamba alikuwa mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Hanif, ambaye ng'ombe alizoea kukutana nao kwenye sahani, akampapasa mgongo kwa mbali na kupiga naye picha.

"Utamfuga wapi mjini?" Mzee Machibya akauliza. "Chini ya kitanda?"

"Hapo ndipo penye tatizo, mzee."

"Hakuna tatizo. Kwetu ng'ombe wa mtu hukaa zizini kwa mwenzake. Ukimtaka, unakuja. Akizaa, tunazungumza. Akifa, nakuonyesha ngozi. Ngozi ndiyo risiti yetu."

"Atakufaje huyu, mzee, alivyonona?"

"Ng'ombe ni kiumbe, fundi," mzee akajibu, wakacheka wote. Kila mmoja alicheka lake.

Siku hiyohiyo Hanif akampelekea Mzee Mtoro ile picha. Mtoro akaikuza kwenye simu, akasema picha hailiwi, lakini karani wa Maswa akaambiwa asubiri kidogo. Na kwa kuwa kigari cha duka nacho kilikuwa kinasumbua kuwaka, Hanif akamuuzia betri kwa bei ya mkwe. Ilikuwa ile ile ya Machibya, imechajiwa, imepakwa rangi nyeusi ya kung'aa. Kovu peke yake lilikataa kufichika.

"Hii ni nini?" Mtoro akauliza.

"Alama ya kiwanda, mzee. Ni Kijapani. Maana yake nguvu."

Mtoro akaipitishia kidole ile alama, kwanza duara, kisha mikia, kwa adabu zote.

Walima ulipokaribia, Hanif akakodi pikapu, akaenda Nkololo kuchukua mali yake. Alimkuta Mzee Machibya kwenye kigoda nje ya nyumba, amevaa sura ambayo Hanif alihisi ameiona mahali.

"Fundi, pole."

"Pole ya nini, mzee?"

"Mtamba amefariki."

Hanif akashika mlango wa pikapu. "Aliumwa nini?"

"Hakuumwa. Alikuwa amesimama tu zizini. Hajaenda popote, hajabeba mtu. Asubuhi, kimya." Mzee akageuka. "Mama Salu! Mletee fundi risiti yake."

Mama Salu, mke wa mzee, akatoka na ngozi nyekundu iliyokunjwa, imekauka na kuchakaa. Hiyo haikuwa ngozi ya wiki hii wala ya mwezi huu. Na nyuma ya mgongo wake, ng'ombe walikuwa wakiteremka kwenda kunywa maji, na katikati yao alitembea mtamba mwekundu mwenye doa jeupe, amenona kuliko mwanzo.

"Mzee! Si yule pale?"

"Yule? Yule mdogo wake."

"Ana doa lilelile!"

"Mama yao mmoja."

Hanif akaikunjua ngozi ili apate la kubishia. Pajani kulikuwa na kovu la moto, duara lenye mikia miwili. Akainua macho, akaona duara lenye mikia miwili kwenye kigoda cha mzee. Akaliona kwenye ndoo, kwenye pipa la maji, na kwenye tandiko la baiskeli.

"Chapa yetu hiyo," Mzee Machibya akasema kwa upole. "Ya baba, na ya babu. Kila kilicho changu nakipiga chuma cha moto. Betri niliipiga mwenyewe, hapa hapa nilipokaa. Kwa hiyo siku ile ulinishangaza sana. Nikasema, huyu ni bingwa, kaona imeungua kwa ndani."

Hanif alifikiria kwenda kushtaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Akajaribu kuipanga kesi kichwani, na kila alipoianza ilianzia kwenye betri. Akaitia ngozi kwenye pikapu.

"Wabeja, fundi," Mama Salu akammwagia shukrani, akicheka bila kujificha. "Gari linawaka kweli siku hizi!"

Lakini mtoto wa mjini hafi njaa njiani. Kabla hajafika Bariadi, Hanif alikuwa ameshaona mwanga. Kumbe ngozi ni ushahidi! Mtu aliyefiwa na ng'ombe wake siku chache kabla ya ndoa ni wa kuhurumiwa, si wa kunyimwa mke. Alipoingia dukani kwa Mtoro machozi yalikuwa tayari, na mengine, baada ya siku kama ile, yalikuwa ya kweli.

"Mzee, amekufa," akasema, akiitandaza ngozi juu ya meza ya vitenge. Anifa, aliyekuwa akimpimia mteja kitambaa, akaacha mita. "Huyu hapa. Kwa Wasukuma ngozi ndiyo risiti, hawadanganyi. Nipeni muda tu, nitatafuta mwingine."

Mzee Mtoro aliguswa. Aliweka mkono juu ya ngozi, akampa pole, akasema mipango ni ya Mungu. Kidole chake kikateleza juu ya manyoya mpaka pajani, kikasimama. Kikafuata duara. Kikafuata mkia wa kwanza, halafu wa pili.

Alitoka nje, akafungua boneti ya kigari chake, akainama humo kwa muda.

"Hanif," Anifa akanong'ona, "umefanya nini?"

Boneti ikafungwa kwa kishindo. Mzee Mtoro akarudi hadi mlangoni.

"Hanif," akauliza, "kumbe huko Japani nako wana zizi?"

Hanif akafungua mdomo. Mdomo ule, uliokuwa umezika betri za wilaya nzima na kuzifufua, haukutoa hata neno. Anifa alimsubiri. Alimsubiri kwa muda ambao mtu yeyote mkweli angeweza kusema jambo. Kisha akaikunja ile ngozi taratibu, macho yamemjaa maji, akamwekea mikononi.

"Chukua risiti yako, Hanif."